Fagia kwanza, deki baadaye: kutunza sakafu ya vigae Mwanza

Kama unaishi Isamilo, Igogo, Bugando au kwenye mlima mwingine wowote wa Mwanza, toka nje uchukue nusu kijiko cha mchanga wa uani. Umwage juu ya chupa tupu ya soda, weka kitambaa, kandamiza na usugue mara tatu nne. Suuza chupa, uitazame kwenye mwanga. Mikwaruzo utakayoiona ndiyo inayoingia kwenye sakafu yako kila siku. Mchanga wetu ni majabali yaliyomomonyoka, na zile chembe zinazometameta ni ngumu kuliko kioo. Uso wa kigae unaong'aa nao ni aina ya kioo, kimechomewa juu ya udongo.

Kwa hiyo ukideki kabla ya kufagia, mchanga unabaki chini ya tambara na tambara linageuka msasa. Nyumbani kwangu njia ya kutoka mlangoni hadi jikoni ilipauka ndani ya mwaka mmoja, huku chini ya kochi vigae viking'aa kama siku ya kwanza. Nikalaumu duka. Vigae havikuwa na kosa; ufagio ndio uliokuwa unakuja baada ya maji, na siku nyingine haukuja kabisa.

Dukani utasikia tailizi, wengine husema marumaru. Hapa nitasema vigae, na ule mstari wa kati ya kigae na kigae nitauita grauti, kama mafundi.

Jua una kigae gani

Nyumba nyingi zina vipande vilivyobaki, vimeegemezwa stoo au nyuma ya choo. Chukua kimoja, kigeuze, dondoshea maji kidogo mgongoni. Maji yakinywewa upesi na kuacha doa la unyevu, hicho ni seramiki. Yakikaa juu kama tone kwenye jani la mgomba, hicho ni poselini, ambayo hunywa maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Seramiki ikimeguka uso wake, maji na uchafu vitaingia ndani na doa halitatoka tena. Poselini ni ngumu zaidi, lakini ile iliyosuguliwa ing'ae kama kioo ina vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na wino au mafuta yakilala humo usiku kucha utayahangaikia.

Kama sakafu yako ni teraso au marumaru halisi ya jiwe, usitumie ndimu wala siki hata tone moja. Jiwe hilo huliwa na asidi, na alama yake haifutiki kwa kudeki.

Anzia mlangoni

Sehemu kubwa ya uchafu wa ndani huja na viatu, na ni rahisi kuuzuia mlangoni kuliko kuukimbiza chumba hadi chumba. Weka vizuizi viwili. Nje, kitu chenye meno: zulia gumu la plastiki au gunia la katani lililokunjwa mara mbili. Ndani, kitambaa kinachonywa maji. Gunia likung'ute kila siku, kwa kulipiga ukutani nje, si barazani ambako upepo wa ziwani wa mchana utakurudishia kila kitu sebuleni.

Viatu vibaki nje. Mgeni usimwamrishe, panga tu kandambili tatu nne safi mlangoni, mwenyewe ataelewa.

Wakati wa mvua, watu wa Buhongwa, Kisesa na kwingine kwenye ardhi ya mbuga wanaujua ule udongo mweusi unaong'ang'ania soli. Ukidondoka ndani, acha ukauke. Najua inauma kuutazama. Ukiupangusa ukiwa mbichi utaujaza kwenye grauti ya chumba kizima. Ukikauka unabanduka vipandevipande na ufagio unaumaliza.

Vifaa

Ufagio laini wa ndani. Chelewa ibaki uani, maana inaruka juu ya mchanga mwembamba badala ya kuukusanya. Ndoo mbili. Mopa, au tambara la pamba la fulana ya zamani. Dodoki, brashi ya meno iliyostaafu, kadi ya plastiki isiyotumika, na tambara moja kavu la kumalizia. Stiliwaya usiiingize kwenye hesabu: inakwaruza, na vipande vyake vikibaki sakafuni vinaota kutu na kukuachia nukta za kahawia.

Kudeki, hatua kwa hatua

1. Fagia pakavu. Anzia kona ya mbali na mlango, sogeza viti na meza, pita chini ya kochi. Usirushe ufagio juu. Uvute taratibu ukigusa sakafu muda wote. Katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, mimi nafagia mara mbili: mara ya kwanza mchanga, na baada ya nusu saa vumbi lililokuwa bado linaelea hewani.

2. Tayarisha maji. Ndoo ya kwanza lita 10 za maji ya vuguvugu na kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji. Kimoja tu. Ndoo ya pili maji matupu ya kusuuzia mopa.

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Tunapenda povu. Sabuni ikizidi hubaki sakafuni kama utando, ukitembea peku unasikia unyayo unanata, na vumbi la jioni linapata pa kukaa. Kesho sakafu inaonekana chafu zaidi, unaongeza sabuni, na utando unanenepa. Sabuni za maji zinazouzwa mitaani kwenye chupa za maji ya kunywa si mbaya, ila nyingi hutiwa chumvi ili ziwe nzito, kwa hiyo uzito wake usikudanganye kuhusu nguvu yake. Jaribu kwanza kwenye vigae viwili, acha vikauke, pitisha kidole.

3. Kamua mopa hadi isidondoke. Kigae hakihitaji kuoga. Maji mengi hayasafishi zaidi. Yanabeba uchafu na kuulaza kwenye grauti, ambayo iko chini kidogo ya uso wa kigae kama mfereji.

4. Deki eneo dogo, kama hatua mbili kwa mbili, ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Kabla ya kuhamia eneo jingine, suuza mopa kwenye ndoo ya pili, kamua, ndipo uichovye kwenye sabuni. Hivyo maji ya sabuni yanakaa safi muda mrefu.

5. Maji ya ndoo ya pili yakifika rangi ya chai ya maziwa, yamwage. Kipimo changu ni kitako cha ndoo: nisipokiona, nabadilisha. Kwa sebule na korido yangu nabadilisha mara mbili, kiangazi mara tatu. Siku ambazo bomba halitoi maji, ni heri kufagia tu na kuacha kudeki hadi kesho, kuliko kuzungusha maji machafu nyumba nzima.

6. Pitia tena kwa maji matupu, kisha tambara kavu. Watu huruka hatua hii, halafu wanalalamika kwamba vigae vyeusi vina michirizi. Ile michirizi ni maji yaliyokauka yenyewe na kuacha kile yalichokuwa yamebeba. Kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, tambara kavu ni lazima, la sivyo utapata ukungu mweupe usioisha.

Sebule na korido kila siku mbili, jikoni kila jioni, vyumba vya kulala mara moja kwa wiki vinatosha. Kufagia ni kila siku.

Vidudu vya ziwani

Anayeishi karibu na maji, Bwiru, Kirumba, Luchelele au ng'ambo visiwani, anavijua: vinapanda ziwani kama moshi mweusi, hasa siku za mwezi kuandama, na usiku vinafuata taa. Asubuhi baraza imefunikwa. Kosa ni kukimbilia maji. Vikilowa vinapondeka, vinatoa majimaji ya kijani, na grauti inayameza. Zima taa ya nje mapema usiku huo, asubuhi acha jua livikaushe, halafu fagia kwa ufagio mkavu; vinatoka vyepesi kama makapi. Ndipo udeki. Vilivyokwishapondeka vinatoka kwa sabuni na brashi ya meno, mradi usivisubirishe hadi kesho.

Grauti

Kigae chenyewe hakichafuki sana. Kinachozeesha sakafu ni grauti. Imetengenezwa kwa simenti, ina matundu, na inanywa chochote kinachopita juu yake. Vigae vyeupe vyenye mistari myeusi huonekana vya miaka ishirini hata kama vina miwili.

Mara moja kwa mwezi chagua sehemu moja, si nyumba nzima, usije ukachoka ukaapa kutorudia. Mimi huanza mbele ya jiko. Chukua magadi ya kupikia maharage, vijiko viwili vya chakula, yayeyushe kwenye kikombe cha maji ya moto. Subiri yatulie. Chini ya kikombe utaona mchanga na udongo. Hayo ndiyo mawe yaliyokuja na magadi, na ukiyatia sakafuni umerudi kwenye habari ya chupa ya soda. Mimina maji ya juu tu kwenye chombo kingine. Vaa glavu, maana magadi hukausha ngozi. Pakaza kwenye grauti kwa brashi ya meno, ongeza tone la sabuni, ondoka kwa dakika kumi. Rudi usugue kwa kufuata mstari, si kwa kukatiza. Povu litabadilika rangi mbele ya macho yako, kutoka jeupe hadi la kijivu. Lifute mara moja kwa tambara, usiliache lirudi lilikotoka, kisha suuza mara mbili.

Bafuni, ambako weusi ni ukungu wa fangasi, magadi hayatoshi. Hapo tumia Jiki: kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa, dakika kumi, dirisha wazi, suuza sana. Na ukishamaliza kuoga kila siku, kokota maji yaingie kwenye tundu na uache mlango wazi. Fangasi anaishi kwa unyevu.

Usichanganye dawa

Jiki na dawa ya choo yenye asidi zikikutana hutoa gesi ya klorini, na bafu zetu nyingi ni ndogo na dirisha liko juu karibu na dari. Mtu hukohoa, macho yanawaka, kifua kinabana. Jiki na siki au ndimu, vilevile. Jiki na dawa zenye amonia pia ni hatari, na mkojo una amonia. Kwa hiyo sakafu ya choo isuuze kwa maji mengi kabla ya kutia Jiki. Tumia dawa moja kwa siku moja. Ukisikia harufu inayochoma koo, acha kila kitu, toka nje, fungua mlango. Mwambie na anayekusaidia kazi za nyumbani, tena mwonyeshe chupa kwa chupa, kwa sababu nyingi siku hizi huuzwa bila karatasi yoyote.

Madoa ya huku kwetu

Samaki. Ukitoka soko la samaki la Mwaloni na sangara, ukamtengenezea jikoni, damu ikadondoka sakafuni, tumia maji baridi kwanza. Maji ya moto yanaiivisha damu ikaganda kwenye grauti. Damu ikishatoka, ndipo maji ya moto na sabuni yaje kumaliza mafuta. Magamba ya sato yakikauka yanashika kama gundi: yalowanishe kwa tambara bichi dakika tano, yang'oe kwa ile kadi ya plastiki. Harufu ikibaki, karibu kila mara iko kwenye grauti, si kwenye kigae. Rudi kwenye magadi.

Mkaa. Vumbi lake ukilipangusa kwa tambara bichi unatengeneza wino. Fagia, au linyanyue kwa tambara kavu, kisha deki. Jiko la mkaa lisikae moja kwa moja juu ya kigae. Joto la ghafla hupasua uso wake, na unaweza kusikia mlio wake. Weka sinia la chuma lenye mchanga chini yake. Hapo mchanga una kazi halali.

Kutu, chini ya mtungi wa gesi au miguu ya kitanda cha chuma. Juu ya kigae, maji ya ndimu dakika tano, dodoki, suuza. Jitahidi yasikae kwenye grauti. Kisha weka kipande cha mpira chini ya mtungi.

Mafuta ya kupikia: sabuni ya vyombo na maji ya moto. Wino: spiriti kwenye pamba. Rangi ya kucha: asetoni. Rangi ya mafuta: tina kidogo kwenye kitambaa, madirisha wazi, jiko limezimwa. Nta ya mshumaa: subiri igande, ikwangue kwa kadi.

Na ile nta ya kung'arishia sakafu, tuliyopaka kwa magoti utotoni kwenye sakafu nyekundu za simenti, haina kazi kwenye vigae. Haiingii popote. Inakaa juu, inanasa vumbi, na bibi anateleza.

Asidi niliyoinunua mwenyewe

Nilipohamia, vigae vilikuwa na ukungu mweupe wa simenti ya ujenzi. Mtu dukani akaniuzia chupa isiyo na jina, akasema, "Hii ndiyo kiboko." Nikamwaga sakafu nzima. Ikachemka kama soda. Ukungu ukatoka kweli, nikafurahi, nikamsifu hadi kwa majirani.

Miezi minne baadaye grauti ikaanza kutoka yenyewe, unafagia na unga mweupe unakuja na ufagio. Nikaita fundi mzee wa Nyakato. Baada ya kuitikia shikamoo yangu hakusema neno. Alipiga magoti, akatoa sarafu ya shilingi 200, akagonga kigae kimoja kimoja kutoka ukutani hadi mlangoni.

"Kigae chako kizima, mwanangu," akasema. "Umekula grauti."

Asidi inakula simenti. Ule ukungu ulikuwa simenti, na grauti ni simenti vilevile. Asidi haijui ipi ni ipi. Siki nayo hufanya hivyo polepole, kwa hiyo wanaodeki kwa siki kila wiki wanajipunja taratibu. Kama ni lazima uondoe ukungu wa ujenzi, kwanza jaribu maji ya moto, sabuni na dodoki gumu kwa siku mbili tatu. Kwangu, fundi aliniambia, ungetoka. Ikishindikana, nunua dawa yenye lebo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Lowanisha grauti kwa maji matupu kabla, ili iwe imeshiba isinywe asidi, fanya eneo dogo, suuza papo hapo. Maji ya betri ya gari, ambayo watu hushauriana kimyakimya, yanachoma ngozi na kupofusha macho. Yaache kwenye betri.

Kugonga na kujaza upya

Mtihani wa sarafu unaweza kuufanya mwenyewe mara moja kwa mwaka. Kigae kilichoshika hutoa mlio mkavu, mfupi. Kilichoachia hulia mvungu, kama debe tupu. Mara nyingi sababu ni fundi kuweka vidonge vitano vya udongo wa simenti, vinne pembeni na kimoja katikati, badala ya kuutandaza chini yote. Vikiwa kimoja viwili na havichezi, viwekee tu alama kichwani na usidondoshe mchi hapo. Vikianza kuinuka mgongo kwa mgongo kama paa la hema, sakafu haikuachiwa nafasi ya kutanuka kando ya ukuta. Ita fundi kabla havijapasuka.

Kujaza grauti iliyotoka hakuhitaji fundi. Kwangua ya zamani kwa kisu butu au msumari, kina cha milimita 2 au 3, ukiangalia usimegue pembe za kigae. Toa vumbi lote. Nunua grauti yenyewe ya pakiti badala ya simenti nyeupe tupu, ambayo hupasuka ikikauka. Changanya na maji hadi iwe nzito kama dawa ya meno, iache dakika tano, koroga tena. Lowanisha mstari kidogo kwa brashi, isukume ndani kwa kipande cha mpira wa kandambili ya zamani, ukivuta kwa mshazari ili usiichote tena. Baada ya dakika 20 hivi futa vigae kwa sponji iliyokamuliwa sana.

Usikanyage siku nzima. Maji yasifike hapo kwa siku tatu. Sisi tulipita mlango wa nyuma, tukala barazani, na mpwa wangu akafunga korido kwa kamba ya nguo na stuli mbili, kwa sababu kuku wa jirani alikuwa ameshapita mara moja na nyayo zake tatu bado zipo pale karibu na jiko hadi leo.